Kochi la Mwenye Nyumba

Asubuhi ile ya mwisho fundi alikuwa barazani akipigilia misumari kwenye kiti cha kinyozi. Kiti kilikuwa kimechanika mgongoni, na kinyozi alikuwa amekibandika plasta ya kidonda, kama mgonjwa. Mke wa fundi alitoka ndani na kikombe cha chai, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pake pa siku zote, akaanza bila hata kusalimia.

“Sikiliza. Mwenye Nyumba amekufa.”

Fundi alikuwa na misumari mdomoni, hakujibu. Misumari mdomoni ni sababu nzuri ya kunyamaza, na tangu aoe alikuwa ameitumia sana.

“Amekufa,” mke akaendelea. “Wapangaji wote wamekuja kuzika, hata aliowafukuza. Hasa aliowafukuza, wamekuja kuhakikisha. Kaburi limechimbwa, jeneza linateremshwa. Haliingii. Wanaligeuza huku, haliingii. Wanaligeuza kule, haliingii. Watu kimya. Ndipo mpangaji wa chumba cha nyuma anasema: ‘Hata huku anataka chumba na sebule!’”

Akanyamaza, akaitazama nyundo.

Hakuwa na haja ya kuutazama uso wa mumewe. Uso wa fundi, alikuwa akisema, ni ukuta unaosubiri rangi. Yeye alitazama nyundo. Ikisimama hewani, kichekesho kimeiva, kinakwenda kwenye televisheni. Ikiendelea kugonga, kichekesho kinarudi jikoni. Hivyo ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote. Nchi nzima ilicheka kwa miaka mingi bila kujua kwamba kila kicheko chake kilikuwa kimepitia kwanza kwenye nyundo ya mtu mmoja asiyejua kusoma.

Asubuhi ile nyundo haikusimama. Ta, ta, ta.

“Haijasimama,” mke akasema.

“Nasikiliza.”

“Sijakuuliza kama unasikiliza, mimi mkeo, si redio.”

Fundi akatoa msumari mmoja mdomoni. “Kaburi hupimwa. Huyo mchimba kaburi ni wa wapi, asiyepima?”

Mke alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeonyeshwa mwezi akauliza ngazi. Kisha akacheka yeye, peke yake, mpaka chai ikamwagika kwenye vidole. Akainuka, akasema maneno machache, akaingia ndani kuosha kikombe. Maneno yenyewe tutayafikia.

Mchana walikula. Akajilaza, akasema aamshwe kabla ya taarifa ya habari. Fundi alikwenda kumwamsha.

*

Huyu mama hakuzaliwa kuchekesha watu. Alizaliwa mtoto wa saba kwa baba mkali, katika nyumba ambayo kucheka mezani kulikuwa kosa, na pengine ndipo alipojifunza kuchekesha wenzake huku yeye uso mkavu. Alipofika umri wa kazi alipata ya kupokea simu katika ofisi ya serikali. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya, akichomeka huku na kuchomoa kule, na ofisi nzima ikapita masikioni mwake. Alijua bwana mkubwa anavyokohoa anaposema uongo. Alijua sauti ya karani anayeomba ruhusa ya msiba, na ya karani huyohuyo jioni akimwambia rafiki yake wakutane wapi. Aliziweka sauti zote. Jioni alizitoa kwenye ukumbi wa mtaa, ambako kikundi cha vijana kiliigiza mbele ya viti vya kukodi.

Ni mchezo mmoja wa pale uliomfikisha kwa fundi. Kulikuwa na kigogo mnene aliyetakiwa kukaa, kiti kivunjike. Siku ya kwanza kiti kilikataa kuvunjika. Siku ya pili kilivunjika kabla kigogo hajakaa. Basi msichana yule akaja kwenye kibanda cha fundi makochi, akasema:

“Kaka, nataka kiti.”

“Vipo.”

“Nataka kinachovunjika.”

Fundi akaacha kushona. Katika kazi yake yote wateja walilalamika kwamba vitu vimevunjika, hakuna aliyewahi kulipia ili kivunjike.

“Kivunjike lini?”

“Saa mbili na nusu, kila Jumamosi. Na Jumapili kiwe kizima.”

Fundi akafikiri siku mbili. Akatengeneza kiti chenye mguu wa nyuma uliokatwa na kushikwa na kigingi, na kigingi kina uzi, na uzi anauvuta mtu nyuma ya pazia. Kigogo alikaa, kiti kikajibwaga, ukumbi ukalipuka. Msichana akarudi kushukuru. Jumamosi iliyofuata akarudi kusema kigingi kimelegea. Baada ya hapo kigingi kililegea kila wiki, hata wiki ambazo hakukuwa na mchezo. Fundi hakuwa mwepesi, lakini hakuwa mjinga kiasi hicho. Akapeleka wazee kwao.

Kwa ajili ya nyumba yao akatengeneza kochi. Lilikuwa kitu cha kwanza alichotengeneza bila mteja. Watu watatu, mahameli nyekundu, mikono ya mbao mipana ya kuweka kikombe, na upande wa kulia akaongeza nafasi kidogo kwa sababu bibi arusi alipenda kukaa amekunja miguu. Kochi lingine kama hilo halikuwepo mtaani. Jirani yao, mama mmoja ambaye mtaa ulimwita Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia, alikuja kulitazama mara tatu, mara ya tatu na wageni.

*

Televisheni ilipoanza kutafuta watu wa kuchekesha, ilimkuta mama huyu tayari. Aliandika mchezo wa nyumba moja yenye wapangaji wengi, ukaitwa “Vyumba Vinane”, naye akacheza mwenye nyumba: mama wa shoka, mkono mmoja kiunoni, mwingine unahesabu. Jina lake mwenyewe likafa hapohapo. Kuanzia siku hiyo nchi nzima ilimwita Mwenye Nyumba, ilhali tangu azaliwe mpaka azikwe alikuwa mpangaji.

Kituo kilikuwa na kamera mbili mpya, mkurugenzi, naibu mkurugenzi, msaidizi wa naibu, na kiti kimoja cha plastiki. Walipotaka kupamba sebule ya mchezo, msimamizi alikuna kichwa.

“Mama, kwako hakuna kochi?”

“Lipo.”

“Tuazime wiki moja tu.”

Wiki ya kituo kile ilikuwa ndefu kuliko ya kalenda. Kochi lilikwenda kwa lori, halikurudi. Mchezo ulipendwa, na kochi lilipendwa pamoja na mchezo. Mwenye Nyumba asipokuwa juu yake watazamaji walipiga simu kuuliza kama anaumwa. Wenyewe nyumbani walikaa kwenye vigoda. Jumatano jioni walijipanga mbele ya televisheni, fundi, mke na binti yao, wakatazama kochi lao.

“Lile pale,” binti alikuwa akisema alipokuwa mdogo. “Mama, linaturudia lini?”

“Wiki ijayo.”

Fundi alitaka kutengeneza lingine. Mke akakataa katakata.

“Ukitengeneza lingine, watasema hatuna haja na lile. Acha nafasi.”

Wakaacha nafasi. Ukuta wa sebuleni ulikuwa na pengo la watu watatu, na hakuna kilichowekwa pale, hata ndoo. Mgeni akishangaa fundi makochi asiye na kochi, mke alijibu: “Lipo, liko kazini.”

*

Shida ya kuchekesha watu ni kwamba wapo wanaochukua somo. Mwenye nyumba wao wa kweli, mzee wa koti la sufu hata juani, ambaye mtaa ulimwita Bwana Kodi, hakukosa “Vyumba Vinane” hata Jumatano moja. Wapangaji walitazama wakacheka. Yeye alitazama akajifunza.

Katika mchezo, Mwenye Nyumba alimtoza mpangaji kwa ajili ya dirisha: “Hewa inayopita pale ni ya nani? Si ya kwangu?” Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mwezi uliofuata Bwana Kodi alipita mlango kwa mlango.

“Wenzangu, chumba chenye dirisha si sawa na chumba kisicho na dirisha. Nadhani tumeelewana.”

Fundi akamwambia mkewe, “Usiandike maji.”

Hakuandika maji. Akaandika ngazi, mpangaji anatozwa kupanda na kushuka, kwa sababu nyumba yao haikuwa na ngazi. Bwana Kodi akajenga ngazi moja mbele ya kibaraza. Akaandika kivuli cha ukuta. Bwana Kodi akaanza kutazama jua. Kisha siku moja, kwa kuchoka, aliandika mlango wa chuma: Mwenye Nyumba anawawekea wapangaji mlango wa kuzuia mwizi, anawatoza usalama, na mwizi mwenyewe ni yeye. Nyundo ya fundi ilisimama muda mrefu kwa hicho. Kabla mwezi haujaisha mafundi wa Bwana Kodi walikuja na fremu nene za chuma, wakazichomelea ndani ya fremu za mbao. Mlango ukabaki mwembamba kama mdomo wa mtu aliyenuna.

“Unaona kalamu yako?” fundi akasema.

“Nimeona,” mke akasema, akipita kiubavu na beseni la nguo. “Wanasema wasanii hatubadilishi jamii.”

Mitaani nako hakuwa na raha. Muuza nyanya alimchagulia zilizopondeka: “Peleka kwenye vyumba vyako vinane.” Kule kliniki mama mmoja alimpiga na mkoba, pa, pa, akilia kwamba amefukuzwa nyumba akiwa na watoto wadogo; alipoelezwa kwamba huyu ni mwigizaji tu, akasema anajua, lakini yule aliyemfukuza ana mbwa.

Wakubwa walimpenda zaidi. Serikali ilipojenga nyumba za watu wa kipato cha chini, zikachukuliwa zote na watu wa kipato cha juu, ni yeye aliyeitwa kukata utepe. Akapewa ufunguo wa kadibodi, mkubwa kama mtoto mchanga, picha zikapigwa. Fundi akautundika ukutani, juu ya pengo la kochi. Huo ndio ufunguo pekee wa nyumba ambao mama aliwahi kumiliki.

*

Wakurugenzi wa kituo walikuja na kuondoka kama wapangaji. Mmoja alitaka kila kichekesho kiwe na funzo la afya, basi Mwenye Nyumba akawa anamfukuza mtu na kumkumbusha kunawa mikono. Mwingine alichora mishale ubaoni kueleza kwa nini watu hucheka, na katika chumba kile hakuna aliyecheka tena mpaka alipohamishwa. Wa tatu alileta mashine ya kicheko.

Aliyewekwa kuibonyeza alikuwa bwana mmoja mrefu mwenye uso wa msiba, kituo kizima kikamwita Kicheko. Alikuwa na amri: kila sentensi ya tatu, bonyeza. Mashine ikacheka Mwenye Nyumba akiingia, ikacheka akikohoa, na siku moja ikacheka mtu aliposema mama yake amelazwa.

“Kicheko, ndugu yangu,” mama alimwambia, “sijamaliza kusema.”

“Najua, mama. Lakini ndiyo ya tatu.”

Walikuwa marafiki. Kicheko alikuwa akija nyumbani Jumapili, akikaa kwenye kigoda karibu na fundi. Wawili hawa waliweza kukaa tangu adhuhuri mpaka machweo bila neno, na wakiagana kila mmoja alisema amezungumza vizuri. Mama alikuwa akiwatazama na kusema ana bahati mbaya: anachekesha nchi nzima, na marafiki zake wawili ni jiwe na ukuta.

Si kweli kwamba fundi hakucheka. Alicheka, ila kwa kuchelewa. Vichekesho vingine nyundo ilivipokea palepale. Vingine vilizunguka kichwani mwake usiku kucha vikitafuta mlango. Kuna siku alicheka katikati ya kikao cha mazishi cha mtaa, kwa sababu ya jambo aliloambiwa juzi yake. Ilibidi Redio amkanyage mguu.

Mwisho wa “Vyumba Vinane” uliletwa na mkurugenzi kijana mwenye miwani ya jua, ambaye aliivaa hata ndani, kana kwamba mwanga wake mwenyewe unamuumiza. Alisema watazamaji wanataka sura mpya. Mchezo ukakatwa katikati: Mwenye Nyumba alikuwa amemfungia mlango mpangaji wa chumba cha nyuma na mvua inanyesha. Yule mpangaji hakufunguliwa. Yuko nje mpaka leo.

Mama akaenda kudai kochi.

“Haiwezekani,” aliambiwa na bwana wa vifaa. “Angalia mguuni. Lina namba ya kituo.”

Kweli, mtu alikuwa amepaka namba nyeupe.

“Na mimi niliyekaa juu yake miaka yote hii? Nina namba gani?”

Bwana wa vifaa akasikitika kidogo. “Wewe mama hukuwa wa kudumu.”

Alirudi na hadithi hiyo akaisimulia kwa sauti tatu, yake, ya bwana wa vifaa, na ya kochi. Nyundo ilisimama. Lakini jioni fundi alimkuta amesimama mbele ya lile pengo ukutani, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri gari.

“Litarudi,” fundi akasema.

“Nataka tu nikae mahali pangu kabla sijafa. Ni mengi hayo?”

“Si mengi.”

Akarudi kituoni mara kwa mara, akarudi mikono mitupu. Baadaye akaacha kwenda, akaanza kuandika mazishi ya Mwenye Nyumba, ingawa hakuna aliyemwagiza. “Siwezi kumwacha mtu ananing’inia,” alikuwa akisema. Na hapo ndipo ilipomkuta ile asubuhi ya kiti cha kinyozi.

*

Mazishi yake ya kweli yalikuja na magari yenye antena. Kituo kilichokuwa hakina nafasi ya kumpa chai kilipata nafasi ya kumpa saa nzima. Mkurugenzi wa miwani alisimama kando ya kaburi, akafungua karatasi.

“Tumepoteza nguzo. Tumepoteza taa. Tumepoteza mama. Kituo chetu ni nyumba aliyoijenga yeye.” Akavua miwani, akaivaa. “Na ninyi familia, nasema mbele ya umati huu: chochote mtakachohitaji, milango yetu iko wazi. Chochote!”

Watu wakapiga makofi. Redio, aliyekuwa amesimama nyuma ya fundi, akamgusa mkono.

“Shemeji, umesikia? Kasema chochote.”

“Nimesikia.”

Jeneza liliteremshwa, likaingia bila shida. Fundi mwenyewe alikuwa amekwenda alfajiri kupima, mara mbili.

Siku saba hakugusa nyundo. Binti alikaa naye, akapika, akarudi kwa mumewe. Watu walipoacha kuja, fundi aliketi kwenye kigoda akalitazama lile pengo, na pengo likamtazama. Siku ya nane alikwenda kwa msukuma mkokoteni wa pale kona.

“Kuna mzigo.”

“Wa wapi, mzee?”

“Televisheni.”

“Unaleta televisheni kwa mkokoteni? Kubwa hivyo?”

“Twende.”

Mlinzi wa getini alimjua. “Shikamoo, mzee. Pole sana. Na huu mkokoteni?”

“Wa kubebea.”

Kochi lilikuwa mapokezini. Walikuwa wamelizungushia kamba nene kama ya ng’ombe, picha kubwa ya marehemu ukutani juu yake, na mbele kibao. Mahameli ilikuwa imechujuka upande wa kulia, mahali pake.

“Pameandikwa nini?” fundi akamuuliza mlinzi.

“Usikae.”

Fundi akatikisa kichwa. Lilikuwa kochi.

Kabla hajavuka kamba, katibu wa mkurugenzi akatokea mbio. “Mzee! Mungu kakuleta! Tulikuwa tunakutafuta. Leo tuna kipindi maalumu cha kumkumbuka mama, moja kwa moja, nchi nzima inatazama!”

Wakampaka unga usoni. Wakalibeba kochi mpaka studio, chini ya taa. Fundi akakaa kushoto, upande wake wa zamani, akaacha ule wa kulia wazi. Mtangazaji, binti wa kucha ndefu, akaja akajitupa palepale kulia. Mkurugenzi akakaa katikati na miwani yake. Kule nyuma ya kioo fundi alimwona Kicheko, kidole juu ya kitufe, uso wa msiba kuliko siku zote.

Mkurugenzi akasema nguzo, akasema taa. Mtangazaji akafuta jicho ambalo lilikuwa kavu, akageuka.

“Mzee wetu, wewe ndiye uliyeishi na hazina hii. Una ujumbe gani kwa taifa?”

Fundi akafikiri. Nchi nzima ikasubiri.

“Nimekuja kuchukua kochi.”

Kukawa kimya. Ilikuwa sentensi ya tatu, lakini mashine haikucheka.

“Haha!” mtangazaji akajaribu. “Kumbe ucheshi ulikuwa wa familia nzima!”

“Mkurugenzi alisema chochote,” fundi akasema. “Kaburini. Nikasikia. Mkokoteni uko nje na kijana analalamikia jua.”

Mpiga picha wa kwanza ndiye aliyeanza, kamera ikatikisika. Akafuata mshika taa. Kisha wale wafanyakazi waliopangwa kwenye viti kuwa watazamaji wakaanguka kicheko, cha kweli, kile kisichopangika, mmoja akiinamia mgongo wa mwenzake. Mkurugenzi alitabasamu kama mtu aliyeuma ulimi wake mwenyewe.

“Mzee... kochi hili, unajua... ni urithi wa taifa.”

“Taifa lina pa kukaa. Mimi nina kigoda.”

Vicheko vikazidi. Simu zikaanza kulia chumba cha pili. Mkurugenzi akatazama kamera, na kamera ikamtazama, na wote wawili walijua kwamba nchi nzima ilisikia lile neno chochote.

“Bila shaka!” akapaza sauti. “Bila shaka! Kochi ni la familia! Kituo hiki siku zote...”

“Asante,” fundi akasema, akainuka. “Basi simameni.”

Wakasimama, matangazo yakiwa bado hewani, mtangazaji na kucha zake na mkurugenzi na miwani yake. Fundi alishika upande mmoja. Kicheko alitoka nyuma ya kioo, akashika upande wa pili.

“Hukubonyeza,” fundi akamwambia walipofika kwenye ngazi.

“Walikuwa wanacheka,” Kicheko akajibu. “Sikuona kazi ya mashine.”

Kwa watu wa aina yao hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

*

Mkokoteni ulipita mitaa yote na kochi jekundu juu, na watu walitoka nje ya maduka. “Kochi la Mwenye Nyumba!” Wengine waliondoa kofia. Muuza nyanya, yule wa zile zilizopondeka, alileta nzima nne, akaziweka upande wa kulia bila kusema neno.

Nyumbani Redio alikwisha kutangaza. Mtaa ulikuwa umejaa, hata Bwana Kodi na koti lake. Msukuma mkokoteni akashika mbele, Kicheko akashika nyuma.

“Haya, twende. Inua. Mbele. Mbele... Ngoja.”

Kochi liligota. Lilitengenezwa mlango ukiwa wa mbao, kabla ya chuma.

“Ligeuze huku,” mtu akasema.

Wakaligeuza huku. Haliingii.

“Kule, kule! Lisimamisheni!”

Wakalisimamisha. Haliingii.

“Mzee,” msukuma mkokoteni akasema, jasho likimtoka, “samahani, lakini haliingii.”

Watu wakanyamaza. Bwana Kodi akatazama fremu yake ya chuma, kisha akatazama pembeni. Redio akajishika shavu. Fundi, ambaye hakuwa amelia mbele ya watu tangu siku ile, alisimama mbele ya kochi lililokwama, nusu ndani, nusu nje.

“Lisogezeni kidogo,” akasema. “Nitatoa mikono. Nileteeni nyundo.”

Akaletewa. Akapiga magoti penye mkono wa kulia, akatafuta vigingi alivyovipigilia mwenyewe akiwa kijana. Akapiga cha kwanza. Ta. Nyuma yake wapangaji wote wamesimama, kimya kama kaburini, na lile jekundu limekwama mlangoni linadai upana wake.

Akainua kupiga cha pili. Nyundo ikasimama hewani.

Mabega yakaanza kutikisika.

“Masikini, analia,” Redio akanong’ona. “Mwacheni alie.”

Lakini fundi hakuwa analia. Ilianzia tumboni, ikapanda, ikamtoa machozi, ikamwangusha akakaa chini barazani na nyundo yake, akicheka mpaka hana pumzi, akicheka kama ambavyo hawajawahi kumwona. “Chumba na sebule,” alisema alipoweza kusema. “Hata huku anataka chumba na sebule.” Akaanza upya. Hawakujua anacheka nini, ila kicheko chenyewe kiliwashika mmoja mmoja, Redio, msukuma mkokoteni, Kicheko, na mwisho hata Bwana Kodi, ambaye kwa mara ya kwanza hakuwa anajifunza kitu.

Fundi alijifuta macho kwa mkono wenye vumbi, akageuka kuitazama ile ndoo iliyopinduliwa. Asubuhi ile, kabla ya kuingia ndani kuosha kikombe, mke wake alikuwa amesimama palepale, chai bado kwenye vidole, akamwambia:

“Haya, Fundi. Utacheka kesho, mimi nikiwa sokoni.”